Gobore la kiwanda au la fundi: feza ya mwindaji inanunua nini?

Katika vijiji vingi vya Tanganyika, Haut-Katanga na Maniema, mwindaji anaposema "bunduki yangu" hazungumzii kalashi. Anazungumzia poupou, bunduki iliyotoka mikononi mwa fundi wa huku kwetu. Siku hizi nyingine hupokea risasi ya kalibre 12, lakini nyingi za zamani, na bado baadhi ya zile za leo, hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote vinashindiliwa kwa mdeki. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita gobore.

Ukimuuliza mwindaji huyo kwa nini hakununua ya kiwanda, jibu lake ni fupi: iko wapi, na ni feza ngapi? Kwake yeye ya fundi ni ya maskini, ya kiwanda ni ya tajiri. Lakini vuka bahari uende Marekani, ambako watu wengi bado wanawinda kwa magobore, utakuta hesabu imegeuka juu chini. Kule ya kiwanda ndiyo ya bei ya chini, na ya fundi ndiyo inayomlazimisha mtu kuweka akiba mwaka mzima au zaidi. Chombo ni cha namna moja, na kinakula baruti nyeusi ileile. Basi feza inanunua nini hasa?

Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji asinisubiri mpaka mwisho. Mnunuzi mwenye akili hanunui jina la kiwanda wala mkono wa fundi. Ananunua mtutu ambao mtu mwingine amekwisha kuujaribu mbele yake. Mti mzuri, nakshi na shaba inayong'aa ni nyongeza. Na kwa miaka zaidi ya mia mbili watu wa bara hili wameuziwa bunduki nyingi ambazo jaribio lao la kwanza lilifanyika kwenye shavu la mnunuzi.

Kule ambako ya fundi ndiyo ghali

Tuanze na Marekani, kwa sababu huko mabishano haya bado ni moto. Mtu anaweza kushangaa: nchi yenye bunduki za kila aina, kwa nini mtu ajisumbue na kushindilia baruti? Sababu ya kwanza ni sheria za uwindaji. Majimbo mengi yametenga siku maalum ambazo ni bunduki za kupakia mdomoni tu zinaruhusiwa, na mwenye nayo anapata siku zaidi porini. Sababu ya pili ni mapenzi ya historia. Chama chao kikubwa, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933, na makao yake yako Friendship, mji mdogo wa jimbo la Indiana.

Sokoni kule kuna ngazi kama tatu. Chini kabisa ni gobore la kisasa la kiwanda, kitako cha plastiki, fataki ikikaa nyuma ya mtutu moja kwa moja ili moto usipotee njiani. Linapatikana kwa karibu dola 300. Halina uzuri wowote, lakini linalenga vizuri na linawaka hata asubuhi ya ukungu.

Ngazi ya pili ni nakala za bunduki za wazee, zinazotengenezwa kiwandani. Mwaka 1970 kiwanda cha Thompson/Center kilianza kuuza bunduki iliyopewa jina la Hawken, ndugu wawili wafua bunduki wa mji wa St. Louis katika karne ya 19. Wajuzi wanasema haifanani sana na kazi ya ndugu hao, na ni kweli, lakini iliwaingiza watu wengi katika mchezo huu. Kutoka Italia zinakuja nakala za Davide Pedersoli, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957 katika mji wa Gardone Val Trompia. Bei yake huzunguka dola 1,000, na nyingi zinapita hapo.

Ngazi ya juu ni fundi. Unamwandikia, anakupima urefu wa mkono, anakuuliza unataka bunduki ya mtaa gani na ya miaka gani, kisha unangoja, pengine miaka miwili. Ni dola 3,000 kwenda juu, na kwa mafundi wenye jina kubwa inaweza kupita 10,000. Ni kama tofauti ya nguo ya balo na nguo ya kushonewa: ya balo unaivaa leo, ya kushonewa inakukaa mabegani. Na kwa bunduki kukaa begani si fahari tu. Kitako kilicho kirefu kupita mkono wako, au kilichoinama vibaya, kinakufanya ukose mnyama hata kama mtutu umenyooka kama uzi.

Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi mgeni halijui. Mafundi wengi wa Marekani hawafui mtutu wao wenyewe. Wananunua mtutu kwa karakana inayotengeneza mitutu tu, na mtambo wa kufyatulia kwa karakana nyingine inayotengeneza mitambo tu. Kazi yao wenyewe ni mti, kuunganisha, kunyoosha, kuchora na kupaka mafuta. Hiyo ndiyo inayokula saa. Tuseme fundi anatumia saa 150 kwa bunduki ya dola 3,000, na vyuma alivyonunua vimemgharimu dola 800. Anabaki na 2,200, yaani chini ya dola 15 kwa saa. Kwa nchi ile huo si utajiri. Wale wanaofanya kila kitu kwa mkono, pamoja na kufua mtutu kutoka ubapa wa chuma, kama wanavyofanya mafundi wa makumbusho ya Colonial Williamsburg huko Virginia, wanatumia saa mia kadhaa kwa bunduki moja.

Katikati ya kiwanda na fundi kumezaliwa njia ya tatu. Fundi Jim Kibler wa jimbo la Ohio anachonga mti kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, anaweka mtutu na mtambo wake ndani ya boksi, na mnunuzi anamalizia mwenyewe nyumbani kwa msasa na mafuta. Bei yake iko kati ya dola 1,000 na 1,500 hivi. Mimi naona hapo ndipo penye thamani kubwa kuliko kote katika soko lile: umbo la bunduki ya fundi, kwa bei ya bunduki ya kiwanda, na jasho la mwisho ni la kwako.

Kwa anayetaka nyama tu na siku zaidi za kuwinda, ya dola 300 inamtosha, na kumwambia vinginevyo ni kumpotezea feza. Anayetaka kitu cha kumwachia mtoto wake aende kwa fundi. Hapo mabishano mengi yangekwisha, kama si swali moja ambalo Wamarekani wenyewe wanalipita haraka: nani ameujaribu ule mtutu?

Kwa sheria, hakuna. Marekani haina ofisi ya taifa inayolazimisha kila mtutu kufyatuliwa kwa majaribio mbele ya kuuzwa. Viwanda vinajaribu vyenyewe, kwa hofu ya kushtakiwa. Fundi mdogo anategemea jina lake na jina la aliyemuuzia mtutu. Lakini bunduki inayotoka Italia haiwezi kuuzwa bila kupita kwenye ofisi ya serkali ya majaribio, iliyoko palepale Gardone Val Trompia, na kupigwa muhuri. Hivyo nakala ya kiwanda ya dola 1,000 ina muhuri wa serkali, na ile ya fundi ya dola 5,000 pengine haina. Na viwanda pia hukosea: mwaka 1997 kampuni moja inayouza magobore Marekani ililazimika kuwaita wateja warudishe bunduki za 1995 na 1996 kwa sababu ya hatari iliyokuwa kwenye mitutu.

Muhuri wa Liège

Ulaya ilijifunza jambo hili zamani, na kwa maumivu. London ilikuwa na chama cha wafua bunduki chenye hati ya mfalme tangu 1637, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujaribu mitutu. Liège, mji wa Ubeljiji ambao Wakongo wengi wanaujua kwa jina, ulikuwa na amri ya majaribio tangu 1672, wakati ule ukitawaliwa na askofu aliyekuwa pia mkuu wa nchi. Birmingham ulipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya 1813.

Namna ya kujaribu ni rahisi kueleza. Mtutu unawekewa baruti na risasi kupita kipimo cha kawaida, unafungwa mahali ambapo hakuna mtu, unafyatuliwa, kisha mkaguzi anautazama. Ukivimba au ukipasuka, unavunjwa. Ukisimama, unapigwa muhuri. Muhuri hauna maana kwamba bunduki ni nzuri, wala kwamba italenga. Unasema kitu kimoja tu: mtutu huu umebeba mzigo mkubwa kuliko ule utakaoubebesha, na haukuua mtu.

Muhuri wa Liège ni herufi E, L na G zenye nyota chini yake, ndani ya mviringo wa yai. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 unakuta pia taji dogo juu ya mviringo huo. Mwenye bunduki ya babu ndani ya nyumba, iliyopakwa masizi miaka sitini, akisugua upande wa mtutu karibu na mtambo anaweza kuuona. Liège ilitengeneza bunduki nyingi sana za biashara kwa ajili ya Afrika, na nyingine zilifika huku kwetu.

Na hapa niweke jambo dogo kando. Tunaposema "bunduki ya kiwanda ya Liège" tunafikiri jengo kubwa lenye moshi na mashine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 haikuwa hivyo. Mitutu ilifuliwa kwenye bonde la mto Vesdre, katika vijiji kama Nessonvaux na Trooz. Mwingine nyumbani kwake alitengeneza mtambo, mwingine alichonga mti, na mfanyabiashara wa mjini alikusanya vipande na kuviunganisha. Kiwanda kikubwa cha mashine, Fabrique Nationale cha Herstal, kilikuja mwaka 1889 tu. Kwa hiyo ile "ya kiwanda" ambayo babu zetu waliiheshimu ilitoka kwa wafuaji wa vijijini, watu wa nyundo na makaa. Tofauti yao na fundi wa Kongolo au Kasongo haikuwa mikono. Mtutu wao ulilazimika kupita mahali fulani na kufyatuliwa mbele ya mtu asiyekuwa na faida katika kuuza.

Bunduki za biashara na mashavu ya watu

Lakini muhuri haukuwako kila mara, na ulipokosekana aliyeumia alikuwa Mwafrika. Katika miaka ya 1760, mbele ya sheria ya Birmingham, kigogo wa Uingereza Lord Shelburne aliandika juu ya bunduki nyingi zilizotengenezwa mji ule kwa ajili ya pwani ya Afrika. Alidai kwamba zaidi ya nusu zingepasuka katika mkono wa kwanza utakaozifyatua. Wanahistoria wengine wanaona alizidisha, na wana hoja: wanunuzi wa Kiafrika hawakuwa wajinga, walikataa bidhaa mbaya, na mfanyabiashara anayeua wateja wake harudi mwaka unaofuata. Hata hivyo, bunduki hizo zilitengenezwa kwa bei ya chini kabisa iliyowezekana, na bei ya chini mara nyingi ilitafutwa kwenye chuma.

Upande wetu wa mashariki bunduki ziliingia kwa wingi katika karne ya 19 kupitia Zanzibar na njia za misafara. Kwa msaada wa bunduki Tippu Tip alitawala nchi ya Kasongo na Nyangwe. Jina lake lenyewe, inasemekana, lilitokana na mlio wa silaha zake. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga ufalme wake Bunkeya, alinunua bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, shaba na watumwa, kutoka pwani zote mbili, ya Angola na ya Zanzibar, mpaka alipouawa na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891. Sehemu kubwa ya bunduki hizo zilikuwa magobore, na nyingi zilikuwa silaha za majeshi ya Ulaya ambazo wenyewe wamekwisha kuziacha. Ulaya ilipohamia kwenye bunduki zinazopakiwa nyuma, maghala yake yalijaa vyuma vya zamani, na soko lake likawa hapa.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 2 mwezi wa saba 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, eneo linaloifunika Kongo yote, bunduki za kisasa zilikatazwa kuingizwa isipokuwa kwa kibali maalum. Kilichoweza kuuzwa kwa mwenyeji, kwa masharti, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu waliyoitoa ilikuwa kuzuia vita vya watumwa. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwindaji wa huku alifungiwa na sheria ndani ya karne iliyopita, huku Liège ikiendelea kutengeneza magumegume kwa ajili yake wakati Ulaya hakuna tena aliyeyataka. Baadaye serkali ya ukoloni iliwapa wenyeji vibali vya bunduki za fataki.

Gumegume na fataki si jambo moja kwa mfuko wa mtu. Gumegume linawashwa na jiwe, na jiwe lisipopatikana dukani linaweza kupatikana chini. Lakini baruti yake ya kuwashia imekaa wazi, na katika misitu yetu, ambako hewa yenyewe ina maji, mara nyingi linatoa cheche bila mlio. Fataki inastahimili mvua, ila lazima inunuliwe, na siku barabara inapofungwa bunduki inageuka fimbo. Wawindaji wa milima ya Marekani waliyapima hayohayo, ndiyo maana wengi wao walichelewa kuliacha jiwe.

Fundi wa kwetu

Bunduki za biashara zilipozeeka, na mpya zikakosa kuingia, fundi wa chuma alichukua nafasi. Sitaeleza anafanyaje kazi, na sababu inaeleweka. Itoshe kusema kwamba ustadi haukosekani. Mtu anayeweza kurudisha uhai wa gari ambalo Ulaya limekwisha kutupwa hashindwi na mtambo wa bunduki. Anachokosa ni chuma kinachojulikana. Karakana ya Marekani inanunua chuma chenye karatasi inayosema kina nini ndani. Fundi wa kijijini anachukua bomba lililokuwa kazi nyingine, na hajui lilipikwa kwa moto gani, wala lina ufa gani ndani usioonekana kwa jicho.

Na hakuna wa kulijaribu. Tume ya kimataifa inayounganisha ofisi za majaribio, ile inayoitwa CIP, ilianzishwa mwaka 1914 na makao yake yako Ubeljiji, lakini katika orodha ya wanachama wake hakuna nchi hata moja ya Afrika. Poupou inayotoka karakanani inakwenda moja kwa moja begani mwa mteja. Siku ya kwanza pengine inasimama. Ya hamsini pia. Chuma kinachoka kimyakimya.

Hesabu ya thamani ya feza inabadilika hapo. Bei ya poupou ni ndogo siku ya kununua. Mtutu unapopasuka, mara nyingi mkono wa kushoto ndio unaolipa, ule unaoushika mtutu kwa mbele, pamoja na jicho lililokuwa linalenga. Na mwindaji wa huku si mwindaji tu. Mkono uleule ndio unaoshika jembe, wavu na mpini wa shoka. Ada ya shule ya watoto inatoka kwenye vidole hivyo. Mmarekani aliyenunua bunduki mbaya anapoteza feza yake na kwenda kushtaki. Mwindaji wa Kabambare hawezi kumshtaki fundi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupaswa kuwa na ile bunduki.

Huko ndiko kwenye fundo. Sheria ya silaha ya nchi yetu ni ile ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, namba 85-035, na sheria ya uwindaji ni namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982. Zote mbili zinadai vibali. Nchi yetu pia ilitia sahihi mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kutumika 2017, unaotaka utengenezaji wa silaha ndogo usimamiwe, wa viwandani na wa mafundi pia. Kwenye karatasi hakuna pengo. Kijijini mambo ni mengine: fundi anafanya kazi kwa siri, bunduki haina namba, mnunuzi hana kibali, na ajali inapotokea wote wananyamaza.

Serkali ina sababu ya kuogopa, na mwandishi hawezi kuificha. Poupou haiwindi nyani na digidigi tu. Imeonekana mikononi mwa Mai-Mai na mikononi mwa wezi wa barabarani. Katika Kasai, mwaka 2016 na 2017, wapiganaji wa Kamuina Nsapu walibeba bunduki za mafundi pamoja na fimbo na mapanga. Anayesema tuwaache mafundi wafanye wapendavyo hajasimamishwa usiku katikati ya njia.

Lakini kukataza bila kusimamia kumetupa yote mawili: wezi wanazo, na wawindaji zinawapasukia. Nchi za Afrika ya Magharibi, katika mkataba wao wa mwaka 2006, zilikubaliana kuandika orodha ya mafundi wa silaha na kuwaingiza katika usimamizi. Utekelezaji wake si mwepesi, ila wazo lina uzito. Tanzania, kwa sheria yake ya silaha ya mwaka 2015, inadai silaha zisajiliwe, magobore yakiwemo, na polisi wake wamefanya kampeni za kuwataka wenye magobore yasiyo na kibali wayasalimishe kwa hiari. Muhuri ukipigwa unafanya kazi mbili kwa nyundo moja: unamwambia mwindaji kwamba mtutu umejaribiwa, na unamwambia polisi bunduki hii ilitoka kwa nani. Liège ilifahamu faida hiyo mbele ya Kongo kuwa koloni. Hatukurithishwa.

Kwa yule mwenye kibali

Msomaji mwenye kibali cha kuwinda, na mwenye bunduki ya zamani mkononi, atauliza aangalie nini. Jambo la kwanza ni baruti. Gobore, liwe la Italia, la Liège au la fundi, limeumbwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi, kama ile iliyomo ndani ya risasi za kijeshi, inasukuma kwa nguvu ambayo mtutu wa namna hii haukuumbwa kuibeba. Kipimo kidogo tu kinatosha kuupasua, hata ukiwa na mihuri yote ya dunia. Ajali nyingi zinazobebeshwa "bunduki mbaya" zinaanzia hapo, na hapa simtetei fundi, nasema ukweli wa chuma.

La pili ni mahali risasi inapokaa. Mdeki lazima uifikishe mpaka juu ya baruti. Ikibaki katikati, ikiacha nafasi tupu nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Wazee walikuwa wakiweka alama kwenye mdeki ili wajue kama risasi imefika, na wawindaji wa Marekani wenye bunduki za dola 5,000 wanafanya hivyohivyo mpaka leo. Alama ya kisu kwenye kijiti haina bei.

La tatu ni kutu. Baruti nyeusi inaacha uchafu unaovuta maji, na mtutu usiooshwa siku ileile unaanza kuliwa kutoka ndani. Bunduki ya dola 3,000 isiyooshwa inazeeka mbele ya ya dola 300 inayooshwa.

Na la mwisho ni lile la muhuri. Ukisugua ukakuta E, L, G ndani ya yai, usifurahi mbele ya kuuliza swali moja: mtutu huu ndio uliokuja na bunduki hii? Bunduki nyingi za babu zimepita kwa mafundi watatu au wanne. Mti ulibadilishwa ulipoliwa na mchwa, mtambo ulitolewa kwenye bunduki nyingine, na mtutu wenyewe pengine ulikatwa mbele au ukaondolewa kabisa na kuwekwa bomba jingine. Mara nyingine alama ya zamani inabaki kwenye kipande cha nyuma, wakati sehemu inayobeba moto ni mpya. Tazama mahali vipande vinapokutana. Ukiona rangi mbili za chuma, au alama ya kuchomelewa, ule muhuri ni wa mtutu ambao hauko tena mkononi mwako.